Faili Zilizobadilishwa Karakanani

Kila alipotoka shule, msichana aliyeitwa Kamanda alivua sare, akala, akaenda kwenye karakana ya mama yake, fundi wa kompyuta. Wateja walimbandika jina hilo kwa jinsi alivyoamrisha mle ndani: usiguse hiki, kaa pale. Kazi yake hasa ilikuwa kujenga programu za kuendesha vifaa ambavyo kompyuta haikuvitambua. Alikuwa hodari, na alijua kuwa ni hodari.

Shule zilipofungwa akaja Chiriku, binti wa mama yake mdogo, mtoto wa maswali mpaka unachoka kumjibu. Haukupita muda akawa anajenga programu hizo mwenyewe, na mama akaanza kumsifia mbele ya wateja. Kamanda aliuma meno. Sifa hizo zilikuwa zake.

Siku moja muuguzi wa zahanati alileta kompyuta isiyotambua kifaa chake cha mtandao. Aliihitaji jioni ileile, maana majibu ya vipimo vya wagonjwa yalipokelewa humo. Mama alimpa Chiriku kazi hiyo. Wivu ukampanda Kamanda kichwani.

Kila kompyuta ina kiini, yaani programu ya ndani kabisa inayoendesha mambo yote. Kiini nacho kina faili za vichwa, zinazoeleza jinsi programu nyingine zitakavyoungana nacho. Faili hizo zikiwa za toleo tofauti na kiini chenyewe, programu inaweza kujengeka vizuri, lakini kompyuta itaikataa. Chiriku alipokwenda kunawa mikono, Kamanda alizifuta faili sahihi akaweka za toleo la zamani.

Chiriku alijenga, kompyuta ikakataa. Akarudia, ikakataa tena. Muuguzi alikuwa akitazama saa ya ukutani. Mwishowe mama akamwondoa Chiriku kitini na kumwambia asiguse tena kompyuta za wateja, ashike ufagio. Kamanda akaketi, akarudisha faili sahihi, akajenga upya. Mtandao ukashika. Muuguzi alimshukuru sana, akaondoka mbio.

Kamanda alitarajia kufurahi. Lakini Chiriku alikuwa anafagia kimya, yeye ambaye kunyamaza kulimshinda siku zote. Kisha akasogea.

"Dada, nilikosea wapi? Nielekeze, nisije nikamwaibisha mama mkubwa tena."

Kamanda angeweza kutunga jibu lolote, na Chiriku angeliamini.

"Hukukosea popote," alisema, akamgeukia mama yake. "Mama, ni mimi. Nilibadilisha faili za kiini ili ashindwe. Nilimwonea wivu."

Mama alimpokea Chiriku ufagio. Halafu akamwomba Chiriku radhi kwa kumhukumu haraka, na Kamanda naye akaomba radhi huku machozi yakimtoka.

"Ulidhani unamkomoa mdogo wako," mama alisema. "Kumbe nusura mgonjwa alale bila majibu yake. Wivu haukuongezei ujuzi, mwanangu. Unachukua ule ulio nao na kuutumia kuharibu. Mwenzako akikukaribia, jifunze zaidi. Na kesho utamfundisha kulinganisha toleo la faili na la kiini kabla hajajenga chochote. Akishajua hilo, hakuna atakayemchezea tena."

"Hata mimi?" Kamanda aliuliza akifuta machozi.

"Hasa wewe," mama akajibu, na Chiriku akacheka kwa mara ya kwanza tangu mchana.