Dole Kwenye Sahani

Jana yake fundi wa maabara alikuwa amevuta waya wa kupandia bakteria juu ya jeli ya sahani kwa mistari ya kwenda na kurudi, kama anavyofanya kila mtu aliyesomea kazi ile. Bakteria hawana akili ya kuhama. Wanaota pale waya ulipopita, basi. Lakini asubuhi alipotoa sahani kwenye kabati la joto, mistari haikuwepo. Vitone vyeupe vilikuwa vimejikusanya katikati, vimejipanga kwa mikunjo na mizunguko, mpaka vikawa alama kamili ya dole gumba.

Akaitazama. Akaifunika. Akairudisha kabatini, akaenda kuosha chupa.

Wewe ungepiga kelele, na mimi ningekuwa nimeshafika getini. Lakini mama huyu, tangu mumewe azikwe, alikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya: unaugusa, unajua ni wako, ila hausikii kitu. Msibani hakulia. Wenye huruma walisema, "Mwacheni, bado hajaamini." Wenye midomo isiyolala wakasema mengine. Aliwasikia wote, na hakuna lililomchoma.

Dole lile lilikuwa la marehemu. Alikuwa mwalimu katika chuo chenye maabara ile, somo la vijiumbe kwa mwaka wa kwanza, na wanafunzi walimwita Mwalimu Dole. Kila darasa jipya aliingia na mikono iliyooshwa vizuri, akawaonyesha, kisha akabonyeza dole gumba kwenye jeli mbele yao. "Hapa mbele yenu nimesimama peke yangu?" anawauliza. "Ndiyo!" "Haya, tuonane kesho." Kesho sahani imejaa. Hapo ndipo anapoanza kuwagawia makundi. Hawa bakteria, wadogo kuliko wote mtakaowaona hapa, wengine duara, wengine kama fimbo, wengine wamejisokota. Hawa fangasi, ndugu zao hamira ya mkate na ukungu wa viatu vyenu. Wale protozoa, waogeleaji wa maji machafu. Mwani, unaojipikia kwa mwanga wa jua. "Na virusi," anasema, "hawa msiwaulize kama wako hai, maana hata wao wenyewe hawana uhakika." Darasa linaangua kicheko. Akimaliza anapangusa chaki mikononi na kusema kila kiumbe kina kundi lake, na ukiona hakina, bado hujakitazama vizuri.

Mkewe ndiye aliyemwandalia sahani hizo. Nyumbani mume alimwita Mama Sahani, kwa utani, na jina likamkaa.

Asubuhi moja mume alianguka bafuni, na hakuamka tena. Mke aliporudi kazini baada ya msiba, akaikuta kwenye friji sahani yake ya mwisho, dole bado limo. Utaratibu unajulikana. Sahani iliyotumika inaingizwa kwenye mtungi wa mvuke, lile sufuria kubwa la chuma lenye mfuniko wa kufunga kwa skrubu, inapikwa mpaka kisibaki chochote chenye uhai, ndipo inatupwa. Amefanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Lakini bakteria wale walitoka kwenye ngozi ya mumewe. Mwenye ngozi yuko ardhini, na wao bado wanakula na kuzaana. Akachukua kitanzi cha waya, akakipitisha motoni, akawahamishia kwenye sahani mpya. Wiki iliyofuata akawahamisha tena, kwa sababu ukiwaacha chakula kinawaishia. Hakumwambia mtu. Kila Jumatatu alimhamisha mumewe, akamweka gizani kwenye joto la mwili wa mtu, akamlisha. Ungemuuliza kama alipata faraja, angekwambia hapana. Alifanya tu, kama mtu anavyofunga mlango akitoka.

Sasa tuendelee. Baada ya dole gumba kikaja kidole cha shahada, kisha vyote, kisha kiganja, na sahani ikawa haitoshi. Vidole vilipanda ukingoni. Sahani zilizoota hunuka, kila aliyewahi kufungua kabati lile anajua, harufu ya uchachu kama maziwa yaliyosahaulika. Hii ilinukia sabuni ya kunyolea na chaki.

Akaamua kuitazama vizuri. Mwanzoni kabisa alishawaona: duara, wamejikusanya kama kichala cha zabibu, wameshika rangi ya zambarau inayopakwa ili waonekane, bakteria wa ngozi wa kawaida wasiokuwa na habari na mtu. Safari hii alipaka rangi ya zambarau, haikushika. Akapaka ya waridi, nayo ikateleza. Akainama kwenye hadubini. Hakukuwa na duara, wala fimbo, wala kilichojisokota. Palikuwa na weupe mtupu, kisha kitu kikasogea upande, kama mtu aliyekuwa akichungulia tundu hilo hilo kutoka upande wa pili akajiondoa.

"Hiki hakina kundi," alisema peke yake.

"Bado hujanitazama vizuri, Mama Sahani," sauti ikamjibu mgongoni, saa za kazi, jua likiwa limejaa dirishani.

Akageuka. Stuli, makabati, bomba linalodondosha. Akasimama kidogo akisubiri moyo umwende mbio, maana alijua ndivyo inavyotakiwa. Haukwenda mbio. Akaosha kioo, akazima taa ya hadubini. Na Jumatatu ilipofika, jamani, akamlisha tena.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja wa shule ya msingi, mdogo wa mwili na mrefu wa ulimi, waliyemwita Pilipili. Dada wa marehemu, wifi yake, alihamia kwao tangu msiba kuwasaidia. Huyo wifi ndiye aliyegundua kwanza, alipokuwa akimsuka mtoto nywele kibarazani.

"Wifi," aliita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo umshike mtoto wako."

Shingo ya Pilipili ilikuwa baridi. Siyo baridi ya aliyetoka kuoga. Baridi ya ukuta. Na nyuma, chini ya kisogo, palikuwa na alama nyeupe, ya mviringo, yenye mikunjo midogo midogo.

"Nani kakushika hapa?" mama akauliza.

"Baba."

Chanuo likamwanguka wifi.

"Anakuja nikirudi shule," Pilipili alisema, bila wasiwasi. "Anasema kule anakokaa kuna joto lakini ni kudogo. Anataka nimpashe. Nikimpasha, mimi ndiyo nasikia baridi. Lakini si ni baba?"

Walimpeleka hospitali, wakaambiwa ni fangasi, mpakeni dawa hii asubuhi na jioni. Mama alishajua si fangasi. Alikuwa amekwangua ngozi ile kidogo kwa wembe na kuitazama, akaona weupe ule ule, na kule kusogea. Alama zikaongezeka: mgongoni, mabegani, moja kifuani upande wa moyo. Mtoto mwenye ulimi mrefu akawa anajibu kwa kichwa tu. Akawa analala mchana, midomo imepauka, na shuka zake zinanukia chaki. Wifi alizifua mara ya kwanza, akazifua mara ya pili, kisha akakaa chini sakafuni, akazikumbatia akilia kwa kwikwi, kwa sababu ilikuwa harufu ya kaka yake.

"Umefanya nini?" alimuuliza. "Wewe mwanamke, niambie. Umemfanya nini kaka yangu?"

Ndipo akamweleza. Alieleza kwa sauti ile ile ambayo angewaelekezea wanafunzi namna ya kuwasha taa ya gesi, na wifi alimsikiliza mkono ukiwa mdomoni.

Wifi alimjua mzee mmoja aliyekuwa akiuza miwani ya kusomea karibu na benki. Watu walinunua miwani kwake wakiwa na macho mazima kabisa. Walikuwa wamefuata mambo mengine. Akaja Jumamosi, chuo kikiwa kitupu, mfupi, anakohoa, ana begi la plastiki. Mlangoni akavua viatu.

"Shikamoo babu. Humu havivuliwi, ni hatari," fundi alimwambia.

"Marahaba. Hatari niliyoifuata haijali viatu," mzee akasema, lakini akavivaa tena. Akasogea mpaka kwenye kabati la joto, akainusa sahani ikiwa imefunikwa. "Nyinyi mnasemaje? Hiki ni kipi katika makundi yenu?"

"Hakina kundi."

"Kwetu kinalo. Majini nayo yana makundi: yapo ya maji, yapo ya upepo, na yapo haya ombaomba, yasiyo na nyumba. Haya hayana nguvu wala sura. Yanapita tu. Sasa hili limepita hapa, likakuta kitanda kimetandikwa, kuna joto, kuna chakula, na kuna mtu anamwita marehemu kila wiki. Likaitika. Mumeo hayumo humu, mwanangu. Hilo limevaa lilichokikuta."

"Litoe," wifi akasema.

"Aliyelikaribisha ndiye alitoe. Mna njia yenu ya kuua hivi vidudu?"

Fundi akaonyesha mtungi wa mvuke.

"Inatosha. Vitie vyote, usibakize hata kimoja. Litalia, litaomba pa kwenda. Usilijibu. Likikosa jibu litarudi lilikotoka. Ukilijibu, umelipangisha chumba, na hapo mimi sina dawa."

Wifi na Pilipili walikaa nje kwenye benchi la korido, wanaonekana kupitia kioo cha mlango. Mzee akabaki nao, mkono juu ya kichwa cha mtoto, anasoma dua zake. Fundi akapanga sahani kwenye kapu, zote, na ile ya kiganja juu kabisa. Akamimina maji, akafunga mfuniko, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, akawasha.

Maji yakaanza kuvuma. Kwanza kukawa na kubisha, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua, na alisimama pale akiangalia mshale wa presha ukipanda, akasikia akiitwa Mama Sahani kwa sauti ya asubuhi, ile ya mtu anayetafuta soksi, kisha kwa sauti ya usiku wa harusi yao, kisha sauti ikauliza mbona hukunilia, watu wote wamelia, hata mlinzi wa geti alilia, na kubisha kukawa kupiga, na mtungi ukawa unaruka mezani, na harufu ya sabuni ya kunyolea ikatoka na mvuke ikamjaa puani mpaka machozi yakamlenga bila kudondoka, naye amekaza midomo, hajibu, hajibu, mpaka sauti ikapoa ghafla, ikasema kwa upole kabisa kwamba sawa, kama hakuna pa kwenda basi itarudi kwa mtoto, maana amezoea mkono wake.

Akatazama kwenye kioo. Kichwa cha Pilipili kilikuwa kinainama mbele, polepole, kama kinachosukumwa na kiganja kisogoni. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Wifi alikuwa akimtikisa na kupiga kelele ambazo hazikupenya mlango. Mzee alikuwa akimwangalia fundi moja kwa moja, akitikisa kichwa: usijibu, linakutisha tu.

Pengine kweli lilikuwa linatisha tu. Mzee aliijua kazi yake. Lakini yule alikuwa mwanawe wa pekee, na alikuwa anakuwa bluu.

Akaweka midomo karibu na chuma cha moto. "Kwa mtoto hapana," akanong'ona. "Njoo kwangu. Mimi nina nafasi."

Kubisha kukakoma. Mshale ukatulia mahali pake. Huko nje Pilipili akainua kichwa, akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia kwa sauti, kilio kizuri cha mtoto mwenye hasira.

Mlango ukafunguliwa. "Ulijibu?" mzee akauliza.

"Hapana," akasema.

Mzee akamtazama usoni, akakohoa, akachukua begi lake. Fundi akasubiri mtungi upoe, akazitoa sahani. Jeli yote ilikuwa imeyeyuka, maji maji ya kahawia tu. Akazimwaga kama utaratibu unavyotaka.

Jioni ile Pilipili alikula mpaka wifi akaficha sufuria. Alama zilikuwa zinafutika. Shingo yake ilikuwa na jasho. Alipanda kitandani kwa mama yake akiongea mfululizo, habari za shule, za mwenzake aliyeng'oka jino, na mama alilala chali akimsikiliza, akashangaa kujisikia vizuri. Ule ubaridi wa kutosikia kitu ulikuwa umeondoka. Alikuwa na joto mwili mzima, joto la kutosha watu wawili.

"Mama," Pilipili akasema, na sauti ikapungua. "Nimeanza kusahau. Baba alikuwa anachekaje?"

Mama akafungua mdomo amwambie kwamba hata yeye hakumbuki vizuri.

Kicheko kikatoka. Kizito, cha kiume, cha kutoka tumboni, kikapanda na kukatika kwa kikohozi kidogo mwishoni. Jikoni, wifi akafunga bomba, akatega sikio.

"Hivyo hivyo!" Pilipili akapiga makofi. "Tena, mama! Tena!"

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zake zote, na kicheko kilikuwa kinaendelea.