Sumaku Haikushika

Jumamosi ya Oktoba uwanja wa magari wa Limingantulli, hapa Oulu, kaskazini mwa nchi yetu ya theluji, hujaa kana kwamba chakula kinagawiwa bure. Watu husukuma vitoroli vya duka huku manyunyu yakiwapiga usoni, na moshi wa kibanda cha soseji huwaita hata walioshiba. Pembeni hupangwa magari yenye karatasi kwenye kioo, LINAUZWA, na wenyewe husimama kando wakijifanya hawana haraka.

Mbele ya gari dogo jekundu la milango mitatu alisimama Saana Kettunen, amevaa koti refu la mvua la bluu na kofia ya sufu rangi ya haradali. Kazi yake ni kupima masikio ya watu kwenye kituo cha afya. Kuhusu magari alijua jambo moja tu, kwamba analihitaji. Mama yake, Aune, aliishi Ii, mji mdogo nje ya Oulu, na kila wiki ilibidi aletwe hospitali ya mjini kusafishwa damu.

"Ukilikodolea macho hivyo litaona haya," ilisema sauti nyuma yake.

Aligeuka. Aliyesema, Topias Niskala, alikuwa mrefu, ndani ya ovaroli ya kazini yenye mistari ya kung'aa, nusu soseji mkononi.

"Wewe ndiye muuzaji?"

"Mimi nakula tu. Muuzaji ni yule bwana wa jaketi la ngozi. Msikilize anavyoongea! Mtu wa huku haongei hivyo mpaka awe anauza kitu."

"Una haradali kidevuni," Saana alimwambia.

"Na wewe unayo kichwani."

Saana akacheka kwa sauti mpaka watu wawili wakageuka. Basi, mambo yakaanza hapo. Mwingine angeiita bahati, ila mimi najua yaliyofuata.

"Unayajua magari?"

"Najua chuma. Nachomelea kule kiwandani Raahe." Topias aliweka kiganja kwenye boneti. "Lina joto. Ameshaliwasha kabla hujafika. Gari husema ukweli likiwa baridi."

"Nimekuja nalo kutoka nyumbani!" muuzaji akadakia. "Mlitaka nilibebe mgongoni? Nimelitoa Turku mwenyewe, halina hata mkwaruzo."

Kusikia Turku, Topias alikunja uso. Gari la kusini limeoga chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu kila baridi, na chumvi hula chuma kimyakimya kuanzia chini. Akasikiliza injini, akanusa mazulia kama yana unyevu, akakanyaga klachi. Kisha akatoa mfukoni sumaku ndogo ya duara.

"Hii haijui kudanganya," alimwambia Saana. "Penye chuma inashika. Penye lipu iliyopakwa rangi inaanguka."

"Natamani ningekuwa nayo miaka minne iliyopita," Saana alisema, na kicheko kikamtoka usoni. "Niliishi na mtu aliyefukuzwa kazi akaninyima habari. Kila asubuhi anatoka na mkoba wake, eti ananihurumia. Kwa hiyo wewe niambie tu. Hata kama inauma, niambie."

"Sawa," alisema Topias.

Sumaku ilishika boneti na mlango. Muuzaji akamwita Saana aone tairi la akiba. Topias akachuchumaa, akaigusisha sumaku kwenye kizingiti chini ya mlango wa abiria, nayo ikadondokea kiganjani mwake bila kutoa mlio. Akajaribu na ncha ya ufunguo, ukazama kama kwenye mkate uliolowa.

Akainua macho. Saana alikuwa amevua kofia, anaikung'uta maji, nywele zimemganda shavuni, na nyuma yake basi la mjini lilikuwa limesimama kituoni, milango wazi. Topias akafikiri: nikisema limeoza, atasema asante, atapanda basi lile, na mimi nitabaki na soseji yangu.

"Vipi?" Saana aliuliza.

Topias akairudisha sumaku mfukoni.

"Linatembea," alisema, kisha akanyamaza.

Asiye wa kwetu hataelewa uzito wa neno hilo. Huku mtu akila chakula kitamu kuliko vyote maishani mwake husema kinalika. Mwanamume wa Oulu akisema gari linatembea, amelisifu mno. Akinyamaza baada ya hapo, amekwisha piga muhuri. Saana, mwanamke anayelipwa kusikiliza, aliusikiliza ule ukimya akaridhika. Akampa muuzaji mkono, kisha akabadilishana namba za simu na Topias.

Jioni ile ile simu yake ililia.

"Haradali anaongea," ilisema sauti.

"Haradali yupi? Ninao wengi."

"Yule mzuri. Gari halijakuacha njiani?"

"Linatembea," Saana akamwigiza, na wote wawili wakacheka.

"Basi nikubadilishie matairi ya baridi. Nina gereji ya kushirikiana na rafiki yangu."

Nia yake ilikuwa kukichomelea kizingiti wiki hiyo hiyo. Hilo namkubalia, maana sipendi kumsingizia mtu. Lakini gereji ilikuwa imejaa pikipiki ya theluji ya rafiki yake, imefunguliwa vipande vipande, na rafiki ni wale wa kesho, kesho. Wiki zikapita. Barabara ya Ii ikaganda, malori ya mbao yakawa yanapishana na gari jekundu, na Mama Aune amekaa upande wa abiria, mkoba wake magotini. Kila safari Topias alipiga simu: "Nenda polepole, dhahabu yangu." Saana aliona anapendwa. Alikuwa anapendwa kweli, na hapo ndipo pananitia uchungu.

Mwishowe gereji ilipata nafasi Jumapili moja. Saana alimletea chupa ya kahawa na mkate wa shayiri.

"Matairi tu yanakuchukua siku nzima?"

"Boliti zimeshika kutu."

"Na hiyo harufu ya kuungua?"

"Rafiki yangu alikuwa anachomelea pikipiki yake."

Aliusema uongo huo huku akimfuta masizi aliyomwachia shavuni.

Baridi ilikuwa tamu. Topias alihamia kwa Saana nusu nusu, mswaki kwanza, kisha suruali, kisha sufuria yake ya samaki. Kila jioni alishuka uani, akachomeka waya wa kupashia gari joto kwenye nguzo ya umeme ya maegesho na kuiwekea saa, ili asubuhi Saana akute injini ina joto na vioo vimeyeyuka barafu. Krismasi walikwenda Ii. Mama Aune alimtazama Topias akimenya viazi bila kusema neno.

"Huyu mshike," alimnong'oneza binti yake. "Mwanamume asiye na maneno hana uongo."

Februari ukaguzi wa gari ulifika. Topias alikwisha sema atalipeleka mwenyewe, lakini wiki hiyo alikuwa kwenye zamu, na Saana akataka kumpunguzia kazi. Mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye msuko mmoja mnene, alimwita chini ya gari lililoinuliwa.

"Dada, nani amekuchomelea hapa?"

"Hapo? Hakuna aliyechomelea."

"Yupo. Na ana mkono mzuri, nakupongeza, limepita. Kazi yenyewe ni ya baridi hii, ona chini ya lami ya kuzuia kutu bado chuma kipya." Mkaguzi aligonga kwa bisibisi. "Ila kabla yake, upande huu ulikuwa umeshikwa na lipu na rangi. Tazama lipu ilivyobaki kule ndani. Angekugonga mtu ubavuni, sijui."

Saana alivua glavu, akapitisha vidole kwenye mshono ule laini. Alikumbuka kahawa, mkate, harufu ya kuungua. Akatoka nje, akasimama kwenye theluji, akapiga simu.

"Gari limepita," alisema.

Topias alisogea mbali na mashine. "Umelipeleka wewe?"

"Uliona siku ile?"

Kimya.

"Usininyamazie, Topias. Nataka kwa mdomo."

"Niliona."

"Sumaku?"

"Ilianguka. Saana, nilipanga kulitengeneza wiki ile ile. Na nimelitengeneza."

"Mama yangu alikaa upande ule. Ulijua, ukaniambia niende polepole!"

"Kila mlipotoka nilikuwa sili mpaka unipigie."

"Ungekula, ukaniambia. Nilikuomba kitu kimoja tu duniani. Kimoja! Nikakwambia na sababu yake."

"Ningekwambia, ungepanda basi, nisingekuona tena."

Saana alicheka, kicheko kibaya. "Ningepanda basi na namba yako mfukoni, mjinga wewe! Unadhani nilikuwa natazama gari? Nilikuwa natazama jinsi ya kukuomba namba. Lile gari ningelikataa, tungekwenda kutafuta jingine Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine."

Unaweza kuvumilia kupoteza kitu. Kujua kwamba kilikuwa chako tayari, ukakiharibu kwa kuogopa kukikosa, hilo ni jambo jingine.

Jioni ile Topias alichukua mswaki, suruali na sufuria, akahama. Lakini asubuhi ya pili baada ya hapo Saana alishuka uani akakuta vioo havina barafu. Waya ulikuwa umechomekwa. Akauchomoa, akampigia.

"Ulikuja hapa?"

"Ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nilisema usiteseke."

"Ulisema na nani? Hata wema wako unaufanya nyuma ya mgongo wangu. Ningependa siku moja ubishe hodi, uniambie unataka kufanya nini, nikukatalie. Ningekuheshimu."

"Naweza kuja sasa hivi."

"Sasa hivi naenda kazini," alisema Saana, akakata. Alilia ndani ya gari lenye joto, na joto lenyewe likazidi kumuuma.

Aprili Mama Aune alipata nyumba ya wazee hatua chache kutoka hospitali, na gari halikuwa na kazi tena. Saana aliliosha, akalipeleka Limingantulli, akabandika karatasi kwenye kioo. Topias aliliona kwa mbali. Sijui ni bahati, sijui ni kwamba kila Jumamosi alikuwa akila soseji pale pale. Safari hii alivaa shati safi. Kabla hajafika kwa Saana, mume na mke vijana, mke ana mimba kubwa, walimwona ameinama karibu na gari.

"Kaka, ni lako?" mume aliuliza.

"Ni lake yule dada. Lakini nalijua." Topias alimtazama Saana, kisha akachuchumaa, akatoa sumaku. "Ni gari la kusini. Kizingiti hiki kiliharibika kwa kutu, likauzwa limepakwa lipu. Nilichomelea mimi, Novemba, sahani mpya, na ukaguzi limepita. Upande wa pili mzima, jaribuni. Klachi itataka kubadilishwa mwakani. Injini nzuri. Wakati linanunuliwa mimi niliona kutu hii, nikaficha. Mwenye gari hakujua."

Mume na mke wakatazamana. Walipima kwa sumaku kila mahali, wakaenda mzunguko mmoja, wakarudi, wakalichukua. Mke alipokuwa anapokea ufunguo alimwinamia Saana.

"Mume wako mkweli ajabu, dada. Wa hivi hawapatikani. Mshikilie."

Saana alitabasamu tu. Gari jekundu likatoka uwanjani, likawasha taa ya kulia, likapotea.

Wakabaki wawili, na mvua ya manyunyu ikaanza, ile ile.

"Leo umeongea kuliko miezi yote," alisema Saana.

"Nimejifunza."

"Umejifunza vizuri."

Topias alisogea. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha. "Nakupenda, Saana. Nasema kwa mdomo. Kama gari lilitengenezeka, na sisi tujaribu. Utanirudia?"

Saana alitazama lami, akavuta kofia yake ya haradali masikioni. Kimya kilirefuka, na Topias, mtu wa hapa, alianza kupumua, maana kwetu kimya kirefu hivyo ni nusu ya ndiyo. Alinyoosha hata mkono.

"Usidhani kunyamaza kwangu ni jibu," Saana alisema. "Jibu ni hapana. Nimekupenda sana, na bado, ila kila utakaponiambia gari linatembea, nitalala chini kulikagua. Siwezi kuishi hivyo. Nakwambia ingawa inauma."

"Inauma," alisema Topias.

"Najua."

Basi la mjini lilikuwa limefika kituoni. Saana alimshika shavu kidogo, akavuka uwanja kati ya vitoroli, akapanda. Dereva alifunga milango, na Topias alibaki pale pale alipokuwa ameogopa kubaki tangu Oktoba, sumaku ikiwa kiganjani mwake.