Wa Mwisho Hufagia

Aliyenieleza jambo hili kwanza ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikuja kwangu alasiri moja nikiwa nakunja nguo, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaokota soksi ya binti yangu na kuishika tu mkononi. Mimi si mtu wa maneno mengi. Niliendelea kukunja.

Ilikuwa siku kama siku nyingine. Asubuhi nilikwenda kitaluni, ambako kazi yangu ni kumwagilia miche, kisha nikarudi nikafua. Jua lilikuwa kali na nguo zilikauka mapema. Mume wangu ni dereva wa lori, na wiki ile alikuwa safarini.

"Wifi," akasema, "yale mabuti yako niliyokurudishia, uliyaweka wapi?"

"Si yale pale mlangoni. Kwani vipi?"

Aliyatazama kwa muda mrefu. Ndipo akanieleza, na mimi naandika kama alivyosema.

Wifi alikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Tulimwita Kidole, kwa sababu kila alichokiona alikinyooshea kidole. Alimzidi binti yangu umri kidogo tu, na jioni zote walicheza kwangu. Baba yake, shemeji yangu, ni kinyozi. Ukutani mwa banda lake la kunyolea kulikuwa na kalenda yenye picha ya heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, wamesimama majini kwa mguu mmoja mmoja. Kidole alipougua homa, baba yake alimwambia, "Ukipona, nitakupeleka ukawaone."

Hakupona.

Tangu hapo shemeji akawa hanyoi vizuri. Aliacha mistari vichwani mwa watu, na watu walilipa na kuondoka bila kusema neno. Mpaka siku moja wifi akamwambia, "Tulimwahidi mtoto. Twende." Waliambiwa kule ni matope matupu, kwa hiyo nikamwazima wifi mabuti yangu ya mpira. Buti la kulia lina kiraka cha tairi la baiskeli kisiginoni. Ukikanyaga udongo laini, kinaacha alama ya mistari.

Ni mahali mto mkubwa unapoingia baharini. Maji yakipwa, hubaki uwanda wa matope unaong'aa kama sinia. Katikati yake kuna kibanda cha mbao juu ya nguzo. Wageni hupelekwa humo kwa miguu, wakakaa kimya na darubini, wakatazama ndege kupitia madirisha membamba mpaka maji yanapokaribia kurudi.

Aliyewaongoza alikuwa dada mmoja mnene, mcheshi.

"Baba, usikanyage kwa hasira," alimwambia shemeji. "Matope hayajakukosea kitu."

Shemeji akacheka. Wifi aliniambia alishtuka kukisikia kile kicheko, maana alikuwa amekisahau.

Walitembea kwa mstari. Wifi alikuwa nyuma, na dada yule alimpa tawi lenye majani, aliburute nyuma yake lifute nyayo.

"Huku kwetu wa mwisho hufagia," akasema. "Ndege hawapendi kujua tumepita."

Kibandani walikaa kwenye benchi. Heroe walikuwa wengi, wametapakaa mpaka mbali. Shemeji aliwatazama kidogo, akainamisha kichwa, akawa anafuta machozi kwa kofia yake. Wifi akachukua darubini. Akaisogeza taratibu kutoka ndege mmoja hadi mwingine.

Katikati ya ndege alisimama mtoto.

Alivaa gauni la njano lenye kifungo kimoja cheusi. Kifungo kile nilikishona mimi. Ndege hawakumkimbia. Walimzunguka kama wanavyozunguka kijiti. Na mtoto alikuwa ameunyoosha mkono, ananyooshea kidole kibanda.

Wifi akaishusha darubini. Hakuna mtu. Akairudisha machoni.

Yupo. Amesogea.

Alimvuta dada yule mkono. Yule alimtazama usoni mara moja tu, na ucheshi wote ukamtoka.

"Usimwite," akanong'ona.

"Na wewe unamwona?"

"Siwezi. Ni wako." Akaichukua darubini polepole mkononi mwake. "Inuka, mama. Maji yanarudi. Safari hii nitafagia mwenyewe."

"Na usipofagia?"

"Hawafuati mtu, mama. Wanafuata nyayo. Mabuti yanapolala, na wao hulala hapo hapo. Mwanzo hukaa kimya. Wakizoea, hutaka kurudi huku. Na hawapendi kurudi peke yao."

Walishuka. Shemeji mbele, wifi katikati, dada yule nyuma akifagia. Walipofika nusu ya njia, mguu wa shemeji ulizama mpaka gotini. Alivuta, ukazidi kuzama. Maji yalikuwa yameshaanza kumeta kwenye vijifereji.

"Shika, fagia, usisimame!" Dada yule alimtupia wifi tawi, akakimbia mbele kumvuta shemeji.

Wifi alilishika tawi. Kisha akaliweka begani. Akatembea hivyo mpaka nchi kavu, na nyuma yake hakufuta unyayo hata mmoja.

"Nilimwachia njia," aliniambia, huku akiivuta ile soksi vidoleni. "Mama gani angeifuta, wifi?"

Alirudi nyumbani. Akatandika kile kitanda kidogo, akawa haufungi mlango kwa komeo. Hakuja mtu. Alingoja, akajilaumu, akasema labda nyayo zilikuwa hafifu. Mpaka leo asubuhi, akivaa kandambili ili afagie uani, ndipo alipokumbuka alivaa nini siku ile miguuni.

Kuna mambo ambayo nami sikuwa nimemwambia mtu.

Tangu mabuti yaliporudi, kila asubuhi nilikuta tope jeusi sakafuni kando yake. Lilinuka chumvi, na sisi tunaishi mbali sana na bahari. Nilimgombeza binti yangu. Shuka lake lililowa upande mmoja, ule asiolalia. Nikamgombeza tena. Na mikono yake ilikuwa baridi hata mchana, hata akitoka juani.

Wakati huo huo binti yangu aliingia kutoka nje.

"Mama, kesho tunaweza kwenda?"

"Kwenda wapi?"

"Kwenye ndege. Mimi na Kidole. Anasema si mbali, nikikanyaga anapokanyaga yeye."

Soksi ilianguka.

Wifi alipiga magoti mbele ya mtoto. "Yuko wapi, mwanangu?" akanong'ona. "Nioneshe."

Binti yangu alinyoosha kidole kwenye mabuti. Hakuwa na tabia hiyo.

Wifi aliyabeba kifuani kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akatoka nayo mpaka langoni. Huko akageuka, akanitazama. Nikamtazama binti yangu.

Akatikisa kichwa. "Bado amekaa. Anasema mama yake hajamwachia nyayo."

Nje ardhi ilikuwa kavu kama kigae. Haikuchukua hata alama ya ukwato wa mbuzi.

Wifi alirudi, akayaweka mabuti pale pale mlangoni, taratibu. Kisha akanishika mikono.

"Nisaidie anifikie."

"Wifi, umesahau alivyosema yule dada? Wakizoea..."

"Sijasahau. Akiniita mimi, nitajua la kumjibu. Wako ni mdogo, hajui."

Nililala na binti yangu, mkono wake nimeufunga na wangu kwa kitambaa. Mara mbili nilihisi kitambaa kikivutwa. Sikufumbua macho.

Asubuhi yake niliamka kabla ya majirani. Nikachukua kopo la kumwagilia, nikaanza mlangoni kwangu. Njia ya kwa wifi inapita nyuma ya vyoo, inafuata ukuta wa shule, inaishia kwenye kizingiti chake. Niliimwagilia yote, kidogo kidogo, kama ninavyomwagilia miche michanga, mpaka udongo ukalainika.

Jirani yangu alitoka na mswaki mdomoni. "Mama, unapanda nini njiani?"

"Vumbi limezidi," nikasema.

"Haya, tutavuna vumbi," akacheka, akaingia ndani.

Nikavaa mabuti. Yalikuwa na maji ndani, na maji yalikuwa baridi. Nikatembea. Nilipiga hatua fupi, za kumfaa mtoto. Sikugeuka.

Kwenye vyoo nilisikia kitu kinakanyaga tope nyuma yangu. Nikasimama. Kikasimama. Nikaenda. Kikaja. Kwenye ukuta wa shule kidole kimoja kilinigusa mgongoni, kidogo tu, kama alivyokuwa akinigusa zamani anapotaka nimwangalie. Nililia, lakini sikugeuka.

Wifi alifungua kabla sijabisha. Hakunitazama mimi. Alitazama chini, nyuma ya kiuno changu, na uso wake ukawa uso niliousahau. Akajibana pembeni mwa mlango, kama mtu anayempisha mwingine apite. Nikayavua mabuti kwenye kizingiti, ncha zikielekea ndani. Akayachukua, akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Nilirudi peku. Ndani ya kila alama ya buti langu, hata zile zenye mistari ya kiraka, kulikuwa na unyayo mdogo, vidole vikielekea kwa wifi. Nilipita kwenye majani nisizikanyage.

Binti yangu alikuwa bado amelala. Nilimshika mikono. Ilikuwa ya moto.

Nikachukua ufagio. Nikaanza tena mlangoni kwangu, nikafuta. Nikafuta nyuma ya vyoo, nikafuta kwenye ukuta wa shule, na machozi yakidondoka humo humo. Nilipofika kwenye kizingiti cha wifi, ulikuwa umebaki unyayo mmoja mdogo, vidole vikielekea ndani, umeshaanza kukauka.

Huo sikuufuta.