Mchanga Juu ya Kamshafti

“Nimeshakwambia sijagusa gari yako.”

“Umegusa. Umemwaga mchanga kwenye injini kwa sababu nilikucheka mbele za watu.”

Naseeb alikuwa amemkunja fundi Venant shati. Anuari, mwenye gereji hiyo ya mtaa wa Kashaulili, alikuwa ameshamwambia Venant afungashe spana zake. Ilikuwa Jumatatu, saa tano asubuhi.

“Mwachie,” alisema Koplo Matilda, askari aliyeitwa kuamua ugomvi huo, ambaye alisomea ufundi wa magari kabla ya kuvaa sare. “Gari ilifikaje hapa?”

“Niliendesha mwenyewe, afande. Saa mbili, inaunguruma safi. Nimerudi saa nne haiwaki. Nikafungua kifuniko cha oili, nikakuta mchanga.”

“Mimi nimeikuta uani imezimwa,” alisema Venant.

“Alikucheka kwa nini?”

“Alitoa ea klina, ile ya kuchuja hewa, ili injini ipige kelele. Nikamwambia kwa vumbi la barabara ya Sibwesa ataiua, akacheka.”

Matilda aliinamia ile gari, Altezza. Injini yake haikuwa na turbo. Ilivuta hewa yenyewe, ikizunguka zaidi ya mara elfu saba kwa dakika. Juu ya kamshafti, chuma kinachozunguka chini ya kifuniko cha oili, mchanga ulikaa kama kichuguu. Akamwambia Venant afungue njia ya hewa na plagi. Vumbi jekundu lilikuwa limegandana na oili. Akamulika tochi kwenye matundu ya plagi: silinda zote zimekwaruzika.

“Gari isipowaka, watu wanaangalia betri,” alisema. “Wewe umekwenda moja kwa moja kwenye oili.”

“Nilihisi tu.”

“Kamshafti ikizunguka mara moja, mchanga huu unatawanyika. Haujatawanyika. Sasa mchanga umeuaje injini ambayo haijazunguka tangu umwagwe? Vumbi ndilo lililoiua, na ilikufa kabla ya kufika hapa.”

Naseeb alitazama viatu vyake.

“Tuliivuta kwa kamba,” alisema. “Ni gari ya kaka Mohamedi. Anarudi leo. Alinikataza nisitoe ea klina.”

“Kwa hiyo ukamwaga mchanga mwenyewe, fundi alale mahabusu ili wewe usifokewe na kaka yako. Na ndevu zote hizo.”

“Afande, si tuyamalize hapa hapa?”

“Anuari,” alisema Matilda, “huyu fundi ana kazi au hana?”

“Anayo.”

“Mwambie yeye, si mimi.”

Anuari akamwambia, huku akitazama pembeni. Matilda alikuwa ameshamshika Naseeb mkanda wa suruali na kusimamisha bajaji.

“Kituoni,” alimwambia dereva. “Na huyu atalipa nauli.”

Akamsukuma ndani, akapanda.