Zohra, Babu na Sultani Salahudini

Kila Jumamosi Zohra huenda darasa la Kiswahili. Darasa liko chini ya ghorofa yao hapa Etobicoke, ughaibuni, karibu na chumba cha kufulia nguo. Mwalimu ni jirani yao, Mama Donatienne. Zamani alifundisha historia Bukavu.

Safari hii Zohra amepewa kazi ya kueleza darasani habari za Sultani Salahudini. Alipanda mbio kumwalika babu yake, mzee Fatehali wa Tanga. Alitamani sana babu aje kumsikiliza.

"Salahudini?" Babu aliacha hata chai yake. "Yule aliuangusha ufalme wa maimamu wa madhehebu yetu kule Kairo! Vitabu vyao vikatawanywa. Mimi siji!"

"Lakini Babu, kwenye intaneti wanamsifu!"

"Waache wamsifu."

Mzee Fatehali akikataa, amekataa. Zohra aliumia. Akateremka kuomba apewe sultani mwingine.

"Hapana, chérie, mpenzi wangu," alisema Mama Donatienne. "Babu yako hajasema uongo. Wanaomsifu nao wana sababu zao. Kila ukisikia historia, jiulize: nani anasimulia? Alipata nini? Alipoteza nini? Kisha umsikilize na wa pili."

"Na babu je?"

"Babu ni mmoja wa wasimulizi. Umemuuliza?"

Kweli, hakuwa amemuuliza. Alikuwa amebishana naye tu. Jioni ile Zohra alikaa karibu na babu.

"Babu, nataka kusimulia habari za vitabu pia. Nieleze vizuri, nisikosee."

Weee! Mzee alieleza mpaka chakula kikapoa. Kesho yake Zohra akaenda maktaba kusoma upande wa pili.

Jumamosi babu alikuja. Alikaa karibu na mlango, uso ameukunja.

"Salahudini aliumaliza utawala wa maimamu wa Kairo," alisema Zohra, "na maktaba yao ikatawanyika. Alipoiteka Yerusalemu, hakuwachinja watu wa mji. Na ukumbi mmoja wa jumba la maimamu aliugeuza hospitali."

Babu akainua mkono. "Hospitali? Ndani ya jumba letu?"

"Ndiyo, Babu."

"Na maskini walitibiwa?"

"Walitibiwa."

"Sijamsamehe," alisema mzee. "Lakini walitumia dawa gani?"

Zohra hakujua. Jumatatu walikwenda maktaba pamoja, na babu ndiye aliyekuwa akifungua kurasa.