Anayeziba Mwanga

Kipara alimpanga shemeji yake mlangoni, akamwinua kidevu, akamwamuru avute tumbo, akapiga picha. Ndipo shemeji akauliza kwa adabu kama kile kifuniko kwenye lenzi hakitolewi kwanza.

"Nchi zote ulizozunguka, shemeji, ulikuwa unapiga picha za kifuniko?"

Kipara alicheka kuliko shemeji mwenyewe. Kamera yake ya filamu ilikuwa na tundu la kuchungulia pembeni, basi mtu hukodoa macho asijue lenzi imefunikwa. Akakitoa, akaingia chumbani. Jua lilikuwa linaaga, na kilichomleta kilikuwa humo: mama yake alitaka kumwona bintiye na mjukuu, hata kwenye karatasi.

Dada yake aliketi kitandani, mtoto mchanga kifuani. Tangu ajifungue alikuwa hali, halali. Daktari hakuona ugonjwa. Alikuwa akinyauka tu, na Kipara aliogopa, ingawa hakusema, kwamba picha hii ingekuwa ya mwisho.

Akaelekeza kamera. Mshale wa kipimo cha mwanga ukalala chini kabisa, kana kwamba chumba ni kiza.

"Kizee hiki kimeanza ukaidi," alinung'unika. Akafungua mahali pa betri, akaisugua kwa ncha ya shati, akairudisha. Akapima ukuta. Mshale ukapanda. Akapima kiganja chake, kama wapiga picha wafanyavyo. Ukapanda.

Akampima dada yake.

Ukalala.

Akasogea kulia. Ukapanda. Akarudi kushoto... ukalala. Polepole akaipitisha kamera juu, chini, ubavuni, akitafuta kasoro inapoanzia. Ilianzia sakafuni. Ikapanda kama miguu. Ikatanuka kama mabega. Juu ikawa nyembamba, kisha ya mviringo, nayo ilikuwa imeinama juu ya kitanda.

Harufu ya udongo mbichi ikampanda puani.

"Kaka," dada alinong'ona. "Na wewe unamwona?"

"Simwoni. Hiki kipimo ndicho kinachomwona."

"Husimama hapo hapo. Tangu mtoto aje."

Sasa, Kipara akiogopa ulimi wake hukimbia mbele yake. Tena alikuwa na mazoea ya kazi: katika harusi zote alizopiga, mtu akiziba mwanga humwita kwa sauti ile ile ya utani. Ikamtoka kabla hajaifikiria.

"Wewe ndugu unayetuzibia mwanga! Hebu sogea huku kwangu."

Kamera bado ilikuwa imemlenga dada yake.

Mshale ukapanda.

Dada akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Mtoto, aliyekuwa amekazia macho upande wa dirisha, akageuza kichwa taratibu... taratibu... akatulia akitazama juu ya bega la Kipara.

Hakukuwa na mtu nyuma yake. Kulikuwa na ukuta tu. Lakini kisogo chake kitupu kilihisi pumzi, baridi, yenye harufu ya udongo.

Akaaga bila kupiga picha. Usiku ule alilala nyumba ya wageni, taa ikiwaka, mgongo ukutani.

Asubuhi, kituo cha basi kilikuwa kinaungua jua. Akapima kiganja chake. Mshale ukalala. Akanunua betri mpya kibandani. Ukalala. Muuza betri akamwomba kamera, akakipima kiganja chake mwenyewe, ukaruka juu.

"Nzima hii, mzee," alisema, akimrudishia. "Wewe toka tu hapo kivulini."

Kipara alikuwa amesimama juani.

Akampigia simu dada yake. Sauti ilikuwa imejaa, ile ya zamani. Amelala usiku mzima. Amekula, ameongeza, na shemeji anamtania kwamba atamaliza akiba ya nyumba. Kipara akacheka, machozi yakamtoka, kisha akageuka nyuma ghafla. Kitu kilikuwa kinapumua naye.

"Basi nirudi, mdogo wangu," alisema. "Tumalizie picha ya mama. Nikae nanyi kidogo... Sitaki kuwa peke yangu."

Upande wa pili mtoto alilia kidogo, akanyamazishwa.

"Nina mtoto mchanga, kaka. Usirudi."