Kompyuta ya Kona

Jumamosi asubuhi duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu kama vile vitu vinagawiwa bure. Mkutubi alikuwa kwenye foleni na gauni lake la zambarau, alilolivaa kwa sababu mengine yote yalikuwa bado mabichi kwenye kamba. Alipofika mbele, muuzaji akamwambia vipanya vya kompyuta vimekwisha, vya mwisho kavichukua yule kaka pale. Yule kaka pale alikuwa mrefu, shati kalichomeka upande mmoja tu, amekumbatia maboksi hadi kidevuni. Mkutubi hakuwa mtu wa kukaa na neno moyoni.

"Kaka yangu, umebeba vipanya vyote. Huko kwako una paka wangapi?"

Kaka akacheka, boksi moja likaanguka. Akainama kuliokota, likaanguka la pili. Akajieleza kwamba yeye ni fundi kompyuta wa manispaa, na mzigo ule si wake, ni wa maktaba kuu. Mkutubi akamwambia maktaba kuu ndiko kwake, kaunta ya mbele, na alikuwa amechoka kuingoja manispaa ndiyo maana amekuja kununua mwenyewe.

"Basi nisaidie kubeba, dada. Mwenye mali umeshafika."

Wakaongozana. Njia nzima mkutubi alikuwa anaongea yeye, lakini alipovuka kizingiti cha maktaba sauti ikamshuka hadi ikawa ya kunong'ona, na meza zote zikatulia kwa kumwona tu. Fundi akalishangaa jambo hilo, na tangu siku ile akamwita Bi Kimya.

Vipanya havikuwa kazi pekee iliyomleta. Alikuwa ametumwa kuweka kichujio, programu ya kuzuia machafu ya mtandaoni kwenye kompyuta za wasomaji. Na wazo lilikuwa la fundi mwenyewe. Binti wa kaka yake alikuja pale kufanya kazi ya shule, akakuta mtu mzima asiye na haya ameacha picha ya aibu imejaa kioo kizima. Mtoto alilia, na tangu hapo hataki hata kupita mtaa ule. Mkutubi aliikumbuka siku hiyo, kwa sababu yeye ndiye aliyemfuta machozi. Hakuwa na ubishi juu ya mtoto. Alichouliza ni habari ya mtu mzima mwenye swali lake la utu uzima.

Fundi akamweleza utaratibu. Ukurasa ukizuiwa, kioo kinakuwa chekundu na kinamwambia msomaji amwone mkutubi. Msomaji anakuja kaunta, anasema alikuwa anatafuta nini, mkutubi anamfungulia.

"Mbele ya foleni?"

"Asiye na baya ataogopa nini, Bi Kimya?"

Walibishana hivyo hivyo, wanavyobishana watu wasiotaka mazungumzo yaishe. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na haikuchukua muda wasomaji wakaanza kutazamana kila fundi alipoingia kukagua waya zisizo na kasoro. Jioni simu iliita.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Ila kuna bwana mmoja sijui kama atakula. Kichujio chako kimemkatalia mapishi ya paja la kuku."

Fundi akacheka hadi akakohoa. Kisha akaungama kwamba alipokuwa anakipa kichujio maneno ya kuzuia, alijifungia ofisini kwa aibu. Kalelewa na mama peke yake, kwa adabu, na maneno mengine hajawahi kuyatamka. Basi aliandika kila kiungo cha mwili kilicho chini ya shingo, akafunga haraka, hakurudia kusoma. Mkutubi alimpenda zaidi kwa aibu ile, na akamwonya kwamba siku moja itamwumiza mtu. Fundi akaahidi kurekebisha. Wanaume wana ahadi nyingi wakiwa kitandani na simu sikioni.

Katika wasomaji alikuwepo mama mmoja mtu mzima wa kilemba cha kijani, aliyejifunza mwenyewe kuandika kwa kidole kimoja. Alipenda kompyuta ya kona, inayotazama ukuta. Asubuhi moja kioo chake kikawa chekundu. Mama akageuka akaitazama kaunta, akaona wanafunzi wamejipanga hadi mlangoni, akachukua mkoba wake akatoka.

Mkutubi alimwachia mwenzake kaunta akamfuata. Mama alidai ana haraka. Halafu akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyeishiwa nguvu, akasema. Hedhi yake ilikoma miaka mingi iliyopita, na sasa anaona damu. Ana watoto wa kiume watupu, atamwanzia nani?

"Nenda hospitali, mama. Hilo si la kungoja."

"Nitakwenda. Lakini nilitaka nisome kwanza kwa macho yangu, nijue namwambia nini daktari. Sasa kile kitu kinataka nikasimame mbele ya wale vijana niseme natafuta nini."

Mkutubi alirudi ndani akazima kichujio kwenye kompyuta ya kona. Alijua anavunja amri ya manispaa. Alijua pia anavunja kazi ya mikono ya mtu anayempenda, na hilo lilimchoma zaidi. Mama akarudi kwenye kiti chake akasoma mpaka maktaba inafungwa, na kesho yake akaenda hospitali. Kabla ya kuondoka maktaba jioni ile aliomba neno lile lisitoke pale. Mkutubi akamwambia anachosoma msomaji ni siri yake, na kwamba hicho ndicho kiapo cha kazi hii.

Jumapili fundi akampeleka kwao. Mkutubi alivaa gauni la manjano lenye mikono mirefu na viatu vya kisigino kifupi. Mlango ukafunguliwa, akakutana uso kwa uso na kilemba cha kijani.

"Karibu mwanangu," mama akasema harakaharaka. "Leo ndiyo kwanza tunaonana."

Mkutubi akaelewa, akapiga goti akamwamkia kama mgeni. Mezani fundi alijisifu kwamba kichujio kinafanya kazi vizuri, hata mtu mmoja hajaja kulalamika. Wanawake wawili wakayaangalia mabakuli yao. Jikoni, mama alimshika mkono akamnong'oneza kwamba madaktari wameona uvimbe, watautoa, na mwanawe anajua ni tumbo tu. Mkutubi alitamani kumwomba amwambie kijana wake. Lakini siri ni ya mwenyewe, akaufunga mdomo.

Wiki iliyofuata fundi alikuja kukagua akiwa na mkubwa wake wa manispaa, na mkubwa ndiye aliyekaa kompyuta ya kona. Akakuta iko wazi. Fundi alisimama pale anajieleza huku jasho linamtoka, hajui anaeleza nini. Mkubwa alipoondoka, alimfuata mkutubi chumba cha vitabu vibovu, alikokuwa anabandika majalada.

"Nani kazima?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na msomaji mwenye shida. Zaidi ya hapo siwezi kukwambia."

"Mimi pia? Nimekupeleka kwa mama yangu, na mimi pia huwezi kuniambia?"

Mkutubi alitazama gundi iliyoganda kwenye vidole vyake. Sentensi moja tu ingetosha. Angesema ni mama yako, na uso ule ungelainika palepale.

"Hata wewe," akasema.

Fundi akamwambia kwamba mtu anayemvunjia kazi yake kwa siri na hamwambii sababu, hamjui tena ni mtu gani. Akaondoka, na jioni simu haikuita. Haikuita kesho yake wala kesho kutwa. Mkutubi alijifanya hajali, akawa anaweka simu kwenye droo na kuifungua droo kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Aliumia. Hakujuta, lakini aliumia.

Ilipoita, alikuwa mama. Sauti ilikuwa dhaifu kidogo ila ina furaha. Uvimbe umetolewa, umewahiwa, yuko nyumbani anapona.

"Nikamwuliza Bi Kimya yuko wapi mbona haji. Akaniambia yaliyotokea. Mwanangu, ulikuwa unapoteza mume kwa ajili ya kilemba changu? Nimemwambia yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sijafika huko."

"Amesema nini, mama?"

"Kanyanyuka kaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi."

Jumatatu, maktaba ilipofunguliwa, foleni ilikuwa ndefu. Mkutubi alikuwa anagonga mihuri bila kuinua kichwa, mpaka alipoona mbele yake shati la bluu lililopigwa pasi na kuchomekwa pande zote mbili. Fundi alikuwa amepanga foleni kama msomaji yeyote, mkoba wa vifaa begani. Akauweka juu ya kaunta.

"Kompyuta imenizuia," akasema. "Imeniambia nimwone mkutubi."

Nyuma yake alisimama babu mpenda magazeti, na nyuma ya babu wanafunzi. Wote walisikia. Mkutubi aliuliza swali ambalo utaratibu ulimtaka aulize.

"Ulikuwa unatafuta nini?"

Fundi masikio yakamwiva. "Namna ya kumwomba radhi mwanamke aliyeitunza siri ya mtu wangu wa karibu, hata nilipokuwa namlaumu."

"Sema kwa sauti, kijana," babu akasema. "Wengine hatusikii vizuri."

Akarudia kwa sauti. Mkutubi akamwonea huruma, ila hakumwokoa.

"Unaonaje kusimama hapo?"

"Vibaya. Na sina baya lolote." Akafuta paji la uso. "Mkubwa amekubali. Kichujio kinabaki kwenye kompyuta za watoto. Za watu wazima, anayetaka anakizima mwenyewe, haulizwi na mtu."

"Hata za watoto, paja la kuku ulitoe."

"Nimeshalitoa. Lakini nina ombi jingine." Akashika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. "Nataka kujua kama utakubali nikuoe."

Maktaba nzima ilinyamaza, na safari hii hakuna aliyeinyamazisha. Macho ya mkutubi yalijaa machozi. Akainama juu ya kaunta, akamvuta fundi kola, akamnong'oneza sikioni maneno machache. Kisha akakaa, akachukua muhuri.

"Anayefuata."

Babu akasogea, akasahau kabisa gazeti lake. "Umemjibu nini?"

"Anachopata msomaji ni siri yake, babu."

Wanafunzi wakanung'unika. Lakini mkoba wa fundi ulikuwa umebaki juu ya kaunta, na mwenyewe alikuwa ameshatoka nje, amesimama chini ya dirisha na simu sikioni, anamwambia mama yake kwa sauti iliyoingia hadi kompyuta ya kona kwamba amekubali.